Filta inang'aa, samaki wanakufa: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la lita 80 lenye samaki wa maji baridi: gapi, tetra na kambale wadogo watatu wanaokaa chini. Filta yangu ni ile ya kuzama ndani ya maji, yenye sponji. Huwa naisuuza kila Jumamosi kwa maji ya bomba. Jumamosi iliyopita niliamua kuifanyia usafi wa nguvu. Nilitupa sponji ya zamani nikaweka mpya, kwa sababu boksi linasema ibadilishwe kila mwezi. Nyumba ya filta niliisugua kwa sabuni kidogo, na changarawe zote nikazitoa na kuziosha. Siku ya tatu maji yakawa meupe hata ukuta wa nyuma hauonekani vizuri, samaki wakaanza kuhema juu ya maji, na wawili wamekufa. Nimekosea wapi? Filta isafishwe mara ngapi? Na ninunue lini samaki wengine wa kuziba pengo?

JIBU: Pole sana kwa hao wawili. Tuanze na waliobaki, maana maelezo yanaweza kusubiri lakini samaki anayehema juu ya maji hawezi.

Leo hii badilisha nusu ya maji, yaani lita 40 hivi. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi. Ukitia mkono usihisi tofauti. Tia dawa ya kuondoa klorini. Kama unaitia kwenye ndoo, pima kwa lita za ndoo. Kama unamimina maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi, pima kwa lita zote 80. Usitegemee kuyalaza maji usiku kucha. Klorini ya kawaida huweza kutoka hivyo, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo hailali ikaondoka.

Elekeza mdomo wa filta juu ili utibue uso wa maji, na kama una pampu ya hewa iwashe. Usilishe kwa siku mbili. Samaki wazima hawafi kwa njaa ya siku mbili, na kila chembe ya chakula unayotia sasa itageuka sumu ambayo tangi lako halina wa kuishughulikia. Baada ya hapo lisha mara moja kwa siku, kidogo tu, kiishe ndani ya dakika moja.

Ile sponji ya zamani uliitupa wapi? Kama bado iko kwenye pipa la taka na haijakauka, na haikugusana na kemikali yoyote, isuuze kwa maji ya tangi uirudishe leo leo, hata kama itabidi uiache ielee pembeni ya filta. Kama imeshakwenda, tafuta mtu mwenye tangi lenye afya, samaki wake hawaugui, umwombe kipande cha sponji yake. Kibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo, ukipachike ndani ya filta yako siku hiyo hiyo. Hakuna dawa dukani inayokaribia msaada huo.

Kisha pata vipimo vya amonia na nitriti, sumu mbili ninazozieleza hapo chini. Vile vya matone ni bora kuliko vya karatasi, na karatasi nyingi hazina amonia kabisa. Pima kila siku. Ukikuta chochote kati ya hivyo viwili kimefika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha tena nusu ya maji. Nitriti ikipanda, chumvi ya kawaida ya jikoni husaidia: gramu 1 kwa kila lita 5, kwa hiyo gramu 16 kwa tangi lako, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe cha maji. Kiasi hicho ni kidogo mno kuwadhuru kambale wako, lakini kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti kuingia kupitia matamvua, na mara nyingi hushinda. Chumvi haiyeyuki hewani, hivyo usiongeze nyingine kila siku. Rudisha tu kiasi kinacholingana na maji uliyoyatoa.

Suala la sabuni: fungua filta, toa sponji uiweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha suuza nyumba ya plastiki kwa maji mengi mara kadhaa hadi isitoe hata povu moja. Sabuni huvua ute unaolinda ngozi na matamvua ya samaki. Kuanzia leo sabuni isisogelee chochote kinachoingia kwenye tangi, hata ndoo. Tenga ndoo moja ya samaki, na wote nyumbani waijue.

Sasa kilichotokea. Samaki hutoa amonia muda wote, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua, si kwenye kinyesi kama watu wengi wanavyodhani. Kwa hiyo hata tangi lisilo na tone la uchafu huzalisha sumu hiyo mchana na usiku. Inayoiondoa ni jamii ya bakteria wanaoishi wamejibandika kwenye sehemu ngumu zenye maji yanayopita na oksijeni ya kutosha. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi na wewe huiondoa kwa kubadilisha maji. Filta yenyewe haiondoi nitrati. Ndiyo maana filta nzuri kiasi gani haikuondolei kazi ya ndoo.

Wale waliokuwa kwenye sponji uliwatupa. Waliokuwa kwenye changarawe uliwaosha kwa maji yenye klorini, ambayo kazi yake hasa ni kuua bakteria. Waliobaki ni wachache waliojibandika kwenye vioo na mapambo, na hawawezi kuzaliana haraka kukuokoa. Bakteria wa kawaida wa kuozesha huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Hawa wa amonia na nitriti, hata mazingira yakiwa mazuri, huhitaji nusu siku hadi siku nzima au zaidi ili kuongezeka maradufu mara moja tu. Tangi jipya kabisa kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla halijatulia, na la kwako limerudi karibu na hapo.

Utauliza: mbona miezi yote nilisuuza sponji kwa maji ya bomba kila Jumamosi na hakuna aliyekufa? Kwa sababu changarawe zilikuwa zinakubeba. Kila wiki uliwapunguza bakteria wa sponji, wa changarawe wakafanya kazi ya wote, na ute unaowafunika ukawakinga wachache wa sponji dhidi ya msuuzo wa dakika moja. Jumamosi hiyo ulivunja nguzo zote mbili siku moja. Ungeacha moja, huenda ungeona ukungu kidogo kwenye maji na mambo yakaisha.

Huo weupe nao ni bakteria, ila si wale tunaowahitaji. Ni wale wa haraka, wanaokula mabaki ya uchafu uliotibuliwa na kuelea wakijaa majini. Wenyewe hawana sumu, ila wanatumia oksijeni nyingi, ndiyo sababu nimekwambia utibue uso wa maji. Usinunue dawa ya kung'arisha maji. Ukungu huo huondoka wenyewe baada ya siku kadhaa ukiacha kuulisha.

Na kuhema kule juu kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya himoglobini ishindwe kubeba oksijeni, hata damu hugeuka rangi ya kahawia. Samaki anaweza kukosa pumzi katika maji yaliyojaa hewa. Vipimo ndivyo vitakavyokuambia uko kwenye hatua ipi. Kama una kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa maji, kitumie pia, kwa sababu ukali wa amonia unakitegemea: kila pH inapopanda kwa 1, mfano kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana watu wawili wenye kipimo kilekile cha amonia, mmoja hupoteza samaki wote na mwingine hapotezi hata mmoja.

Tuje kwenye usafi wenyewe. Filta husafishwa ili maji yapite. Ukishika wazo hilo, karibu maswali yote ya filta yanajijibu, likiwamo la mara ngapi. Rangi ya sponji haina maana yoyote. Sponji ya kahawia inayopitisha maji vizuri ni sponji nzuri kuliko zote.

Siku ya kusafisha chomoa plagi kwanza. Usitie mkono majini filta ikiwa kwenye umeme, hata kama umefanya hivyo mara mia bila madhara. Vuta maji ya tangi kwenye ndoo, lita 5 au zaidi; hayo ndiyo maji ya kuoshea, na kwa vile ulikuwa unabadilisha maji hata hivyo, huna hasara. Unapoinua filta, kinga chini yake kwa bakuli, la sivyo takataka zote zitamwagika njiani na kurudi kwenye tangi. Tumbukiza sponji kwenye ndoo, iminye taratibu kwa kiganja, iachie ijae maji, iminye tena. Maji yatakuwa ya kahawia nzito mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu au ya nne itoe, iinamishe, uimwagie kikombe cha maji ya tangi juu yake. Maji yakizama na kutokea chini bila kutuama, umemaliza. Usiendelee kuminya ukisubiri itoe maji meupe. Usiikamue kwa kuisokota pia, maana matundu huchanika na sponji ikibonyea haijai tena nyumba yake. Maji yakipata upenyo pembeni hupita huko bila kuchujwa.

Maji yale ya kahawia usiyamwage chooni kama una mimea ya kwenye vyungu. Mimea huyapenda.

Kisha pampu, sehemu ambayo watu huisahau hadi filta inyamaze. Ndani ya kichwa cha filta kuna kifuniko kidogo. Ukikizungusha au kukivuta kinatoka, na nyuma yake kuna propela ndogo iliyounganishwa na sumaku ya duara. Ivute polepole, kwa sababu ekseli yake mara nyingi ni ya kauri na ikipinda tu imevunjika. Angalia shina la propela: hapo ndipo nyuzi za mwani, mizizi ya mimea na nywele hujisokota hadi zikaikaba. Zitoe kwa kibanio. Kisha pitisha pamba ya masikio ndani ya tundu inamokaa sumaku. Utakuta ute wa kahawia umelishika tundu zima, na huo peke yake unatosha kupunguza kasi ya pampu kwa kiwango unachokiona kwa macho. Nyumba ya plastiki, kifuniko, propela na mirija unaweza kuvisugua kwa maji ya bomba bila wasiwasi, maana akiba yako ya bakteria iko kwenye sponji. Rudisha, chomeka, sikiliza. Ikikoroma kwa dakika moja hivi ni hewa inatoka. Chomoa plagi, itikise kidogo ndani ya maji, uchomeke tena. Ikiendelea kukoroma, sumaku haijakaa sawa au ekseli imelika.

Mara ngapi, basi? Filta itakuambia. Siku ambayo ni safi, tazama mawimbi yake yanafika wapi kwenye uso wa maji. Hicho ndicho kipimo chako. Msukumo ukipungua waziwazi, ifungue. Kwa filta ndogo ya ndani kama yako, kwenye lita 80 zenye samaki wa kiasi, hiyo mara nyingi huja kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ukiona inaziba kila wiki, tatizo haliko kwenye ratiba: ama unalisha kupita kiasi, ama samaki ni wengi, ama filta ni ndogo. Kwa tangi la kawaida tafuta pampu inayozungusha maji yote mara 4 hadi 6 kwa saa, na ukumbuke kwamba namba iliyochapishwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa filta ikiwa tupu, bila sponji.

Wala usiende upande wa pili ukaiacha miezi sita kwa kuogopa kuua bakteria. Uchafu uliomo kwenye filta hauonekani, lakini bado uko ndani ya maji ya samaki wako. Kila tone linapita juu yake, nao unaoza huko na kutoa amonia na nitrati. Sponji iliyoziba pia huwanyima oksijeni bakteria wale wale unaotaka kuwalinda.

Jumamosi zako usizipoteze. Zifanye za kubadilisha robo ya maji na kufyonza changarawe kwa mrija, nusu ya eneo wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo, bila kuzitoa. Filta ifanyie usafi siku tofauti, au Jumamosi ambayo changarawe huzigusi.

Kuhusu boksi linalotaka ubadilishe sponji kila mwezi: mwenye boksi anauza sponji. Sponji nzuri hudumu miaka. Inabadilishwa inapochanika, inapolegea isirudi umbo lake, au inapoziba hata baada ya kuminywa. Hata hapo usiitoe ghafla. Kata mpya nusu na ya zamani nusu, zikae pamoja wiki 4 hadi 6, ndipo umalizie. Kama filta yako ina nafasi ya sponji mbili, osha moja kwa zamu. Vipande vya kauri huwa havibadilishwi kabisa. Visuuze tu kwenye ndoo ile ile. Pamba nyeupe laini ndiyo ya kutupa, maana kazi yake ni kunasa vumbi na huziba haraka. Iweke baada ya sponji, isitangulie. Mkaa wa kuchujia hujaa baada ya wiki chache na kuacha kunyonya. Una maana ukitaka kuondoa rangi, harufu au mabaki ya dawa, na ni lazima uutoe unapowatibu samaki, la sivyo mkaa utanyonya dawa kabla haijafanya kazi. Siku za kawaida tangi lako halihitaji mkaa.

Chupa za bakteria wa dukani utaambiwa ununue, hasa wakati huu. Sizipuuzi zote, lakini ubora wake hutofautiana sana. Nyingi za zamani zilijazwa aina ya bakteria iitwayo Nitrobacter, wakati utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanaokula nitriti kwenye matangi ya maji baridi hasa ni aina nyingine, Nitrospira. Ukinunua, angalia tarehe na kama ilihifadhiwa mbali na joto kali, uimimine karibu na mdomo wa kufyonzea wa filta, na uendelee kupima kana kwamba hukuitia.

Umeme ukikatika, filta yako ya ndani haina hatari kubwa kwa saa chache. Ukikatika kwa muda mrefu, toa sponji uiache ielee wazi kwenye tangi, bakteria wapate oksijeni ya maji. Wenye filta za kanista, kopo linalofungwa na kukaa chini ya meza, wao wawe makini zaidi: maji yaliyofungiwa humo huishiwa oksijeni, bakteria hufa, na umeme ukirudi mchanganyiko huo unaonuka hurushwa wote kwenye tangi. Kabla ya kuwasha, lifungue, mwaga maji yake, suuza vya ndani kwa maji ya tangi.

Swali lako la mwisho, la samaki wengine. Usinunue hadi amonia na nitriti visome sifuri kwa siku saba mfululizo, huku unalisha kama kawaida na nitrati inapanda kati ya ubadilishaji mmoja wa maji na mwingine. Siku saba bila kulisha hazihesabiki. Kwa hali uliyoieleza, bila sponji ya kuazima hiyo inaweza kuchukua mwezi au zaidi. Ukipata ya kuazima, huenda ikawa wiki moja au mbili. Ukifika hapo, ongeza wawili watatu tu wadogo, pima wiki nzima, ndipo ufikirie wengine. Wachague gapi au tetra kama ulionao. Kambale wa chini wasubiri hadi mwisho, hasa kama wanaotapatapa sasa ni hao. Watatu ni wachache kwa samaki wanaoishi kwa makundi, lakini afadhali wakae watatu kwa miezi miwili kuliko kuwaongezea wenzao kwenye maji ambayo hayajatulia.